Imeisha au Imekatwa?

Kwenye vibanda vya kuingizia muvi, kuanzia Kilombero pale Arusha hadi Mbuyuni kule Moshi, kuna neno moja ambalo limewaumiza wapenzi wa sizoni kuliko umeme kukatika. Mteja anauliza, "Dogo, hii imeisha au bado inaendelea?" Dogo hageuki, macho yako kwenye kompyuta: "Imeisha hiyo, mama. Nikuwekee?" Flashi inachomekwa, mstari wa kijani unatembea, hela inalipwa. Wiki mbili baadaye mama yule yuko sebuleni usiku wa manane, steringi kaning'inia ukingoni mwa ghorofa, skrini imekuwa nyeusi, majina yanapanda, na hakuna faili lingine la kufungua.

Dogo hakudanganya. Kwake "imeisha" ni mafaili yamekoma. Ila kwa mtazamaji kuna imeisha za aina tatu, na ukizichanganya utalia bure. Kuna iliyokamilika, ambayo wenyewe waliamua mapema lini wanafunga hadithi. Lost ndiyo mfano mzuri: mwezi Mei 2007 ilitangazwa kwamba itafungwa 2010, baada ya misimu mitatu mingine ya episodi 16 kila mmoja, na waandishi wakajua wana nafasi kiasi gani ya kufungua mafundo yao. Kuna iliyokatwa, yaani mwenye kituo kaona hailipi akaizima, mara nyingine hadithi ikiwa katikati. Na kuna iliyosimama tu, ambayo kila mtu anaihesabu imekufa kumbe inasubiri hela, mwigizaji au mgomo upite.

Swali la kumuuliza dogo, basi, siyo "imeisha?" Muulize: "Msimu wa mwisho una episodi ngapi, na ni wa mwaka gani?" Hayo mawili anaweza kukujibu bila kubahatisha, maana yameandikwa mbele yake. Na usihadaike na neno COMPLETE kwenye jina la folda. Neno hilo linahusu msimu ule tu kwamba episodi zake zote zimo. Kuhusu hadithi yenyewe halisemi chochote.

Sizoni za televisheni za kawaida za Marekani kwa miaka mingi zilikwenda kwa episodi 22 kwa msimu, na zilipatikana kwa mafungu: kituo kinaagiza 13 kwanza, kikiridhika kinaongeza 9. Kwa hiyo ukikuta sizoni ya zamani ina msimu mmoja wa episodi 13 na hakuna wa pili, ujue zile 9 zilinyimwa. Firefly ni mfano unaouma: mwaka 2002 zilitengenezwa episodi 14, kituo cha Fox kikarusha 11, tena bila kufuata mpangilio, ile ya kufungulia hadithi ikaonyeshwa mwishoni kabisa mwezi Desemba. Anayeitazama leo kwenye flashi kwa mpangilio sahihi anaiona nzuri kuliko walivyoiona Wamarekani wenyewe.

Msimu uliopungua ghafla una maana zaidi ya moja. Unaweza kuwa wa kuagana: Nikita ilipewa episodi 6 za kufungia mwaka 2013, Arrow ikapewa 10, na zote zikamaliza hadithi kwa heshima. Unaweza pia kuwa hauna uhusiano wowote na afya ya sizoni. Msimu wa tatu wa Prison Break una episodi 13 kwa sababu waandishi wa Marekani waligoma kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008. Ndiyo maana mwaka ni wa muhimu. Ukiona kitu kimekatika 2007 au 2008, fikiria mgomo. 2020, fikiria korona (Empire ilikosa episodi zake mbili za mwisho namna hiyo). 2023, fikiria mgomo tena, maana mwaka ule waandishi waligoma tangu Mei hadi Septemba na waigizaji tangu Julai hadi Novemba.

Tukitoka kwenye folda twende kwenye hela, kwa sababu huko ndiko maamuzi yanakofanyika, na mashabiki wengi huko hawatazami kabisa. Wanadhani sizoni hukatwa kwa kuwa mbaya. Sizoni hukatwa pale bei ya kuitengeneza inapopanda huku watazamaji wakipungua au wakibaki walewale. Na bei hupanda yenyewe kila mwaka, maana mikataba ya waigizaji ina nyongeza ndani yake. Waigizaji sita wa Friends walianza na kama dola 22,500 kwa episodi kila mmoja, wakamalizia na dola milioni moja. Sizoni ya msimu wa kwanza ikipendwa na watu kumi ni nafuu. Ya msimu wa sita ikipendwa na walewale kumi ni hasara.

Jambo la pili la hela ni mwenye mali. Episodi ikiisha usiwahi kuzima, subiri nembo za mwisho kabisa. Hizo ndizo zinakuonyesha nani ameitengeneza. Kituo kinachoonyesha sizoni ya kampuni nyingine hupata faida ndogo, kwa hiyo ikiyumba kidogo, inatupwa. Lakini hapohapo ndipo wokovu ulipo, kwa kuwa mwenye mali anaweza kuibeba akaiuza kwingine. Lucifer ilikuwa ya Warner Bros. ikionyeshwa na Fox. Fox wakaikata Mei 2018, Netflix wakaichukua mwezi uliofuata, ikaenda hadi msimu wa sita. Brooklyn Nine-Nine nayo Fox waliikata tarehe 10 Mei mwaka huohuo, na baada ya saa zipatazo 31 NBC wakatangaza wameichukua. Watu walishangilia kama muujiza. Muujiza wenyewe ulikuwa kwamba kampuni iliyoitengeneza, Universal Television, ni ndugu wa tumbo moja na NBC. Mtoto alirudi nyumbani.

Kinyume chake, ile iliyozaliwa ndani ya mtandao unaolipiwa na ikafia humo, mara nyingi haina pa kukimbilia. Daredevil ilikatwa na Netflix Novemba 2018, na mkataba ulizuia wahusika wake wasionekane kwingine kwa miaka miwili. Iliporudi kwa jina jipya ilikuwa Machi 2025, na kwa mwenye mali mwenyewe, Disney.

Habari za kukatwa na kuongezewa hutoka zaidi mwezi Mei, wakati vituo vya Marekani vinapowaonyesha watangazaji wa biashara ratiba ya mwaka unaofuata kule New York. Mei saa za New York ziko nyuma ya zetu kwa saa saba, kwa hiyo tangazo la alasiri yao huku ni saa tano au sita usiku. Anayelala mapema anaamka kukuta msiba umeshaliliwa. Netflix nao hupakia sizoni saa sita usiku ya California, ambayo Arusha ni saa nne asubuhi, au saa tano asubuhi wakiwa kwenye saa za majira ya baridi. Ukiambiwa "inatoka Ijumaa" halafu ukaifungua alfajiri ukaikosa, usianze kulaumu bando.

Sasa hesabu ya watazamaji, na hapa ndipo penye jambo ambalo watu wa Chuga, yaani Arusha, hawapendi kulisikia.

Mwaka 2019 Netflix waliwaeleza wabunge wa Uingereza jinsi wanavyopima. Kuna walioanza, yaani waliotazama angalau dakika 2. Kuna waliotazama, waliofikia asilimia 70 ya filamu au ya episodi moja. Na kuna waliomaliza, waliofikia asilimia 90 ya filamu au ya msimu mzima. Hesabu hiyo huangaliwa siku 7 za mwanzo na siku 28 za mwanzo. Tangu Novemba 2021 wana pia orodha yao ya kumi bora inayotoka kila wiki, na tangu Juni 2023 wanachukua saa zote zilizotazamwa, wanazigawa kwa urefu wa kipindi. Hayo ndiyo macho yanayotazama. Flashi ya Mbauda haimo. Machalii mia mbili wakiitazama sizoni kwa flashi moja iliyozunguka mtaa mzima, kule inasomeka sifuri. Tunaweza kuililia mwezi mzima, na mwenye sizoni asijue kama Arusha ipo kwenye ramani.

Kuna ujanja mwingine wa watazamaji wetu ambao hata wenye akaunti halali wanao: "Mimi siianzi mpaka iishe yote." Unaeleweka, maana aliyeng'atwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ila wote wakisubiri, siku 28 zinapita watu hawajamaliza, sizoni inakatwa, na waliosubiri wanasema, "Si unaona? Bora sikuianza." Woga wao ndio uliochimba kaburi. Unayeipenda kweli, imalize ndani ya mwezi wa kwanza, hata kwa kujibana. Bando siyo kisingizio kikubwa sana: kwenye mpangilio wa kubana data wa simu, Netflix wenyewe wanakadiria GB moja kwa saa sita, kwa hiyo msimu wa episodi 10 za dakika 50 unakula kama GB moja na nusu. Ubora wa kawaida ni hadi GB moja kwa saa, na ule wa juu ni hadi GB 3 kwa saa, na hapo ndipo watu wanapokausha vocha kwenye episodi ya kwanza kwa sababu ya kutogusa mipangilio.

Kuhusu kelele za mashabiki, maana sizoni ikikatwa kila mtu anauliza, "Tufanyeje?" Kusaini maombi mtandaoni ni sawa na kusaini kitabu cha rambirambi: kinapokewa vizuri, kinawekwa pembeni. Zilizowahi kufanya kazi ni zile zilizogusa mfuko, au zilizokuwa za ajabu kiasi cha kutangazwa bure. CBS walipoikata Jericho mwaka 2007, mashabiki walishika neno "nuts", yaani karanga, lililotamkwa kwenye episodi ya mwisho, wakawatumia kituo karanga zaidi ya tani 20. Tani ishirini za karanga, pale sokoni Kilombero zingemfanya mtu tajiri wa msimu! CBS wakasalimu amri, wakaagiza episodi 7. Mwaka uliofuata wakaikata tena.

Werevu zaidi walikuwa mashabiki wa Chuck. Aprili 2009 waliona kwamba Subway, wauza mikate iliyojazwa nyama, wanatangaza ndani ya sizoni yao. Siku ya episodi ya kufungia msimu wa pili wakaenda madukani kununua mikate na kuacha ujumbe kwamba wametumwa na Chuck. NBC waliirudisha, Subway wakiwa wadhamini, ikafika misimu mitano na episodi 91. Tofauti ya karanga na mkate ni kwamba karanga ziliongeza aibu, mkate uliongeza mapato. Mapato hudumu.

Star Trek ndiyo babu wa mambo haya. Barua za mashabiki zilimiminika NBC, na tarehe 1 Machi 1968 kituo kikatangaza hewani kwamba msimu wa tatu upo. Halafu wakaupangia Ijumaa saa nne usiku, saa ambayo vijana waliokuwa wakiipenda wako matembezini. Mwaka 1969 ikafa kwa episodi 79. Hiyo ni dalili ya kuangaliwa hadi leo kwa vituo vyenye ratiba: sizoni ikihamishwa siku, au ikirushwa episodi mbilimbili kwa usiku mmoja ili iishe haraka, anza kuaga.

Na ipo njia ya kimya kuliko zote. Manifest ilikatwa na NBC Juni 2021. Wakati huohuo ilikuwa imewekwa Netflix, watu wakaifakamia ikawa juu ya orodha wiki kwa wiki. Tarehe 28 Agosti Netflix wakatangaza msimu wa nne na wa mwisho wa episodi 20. Tarehe haikuwa ya bahati mbaya: ndege ya mle ndani ni namba 828, na Wamarekani huandika mwezi kwanza. La Casa de Papel nayo haikuandamaniwa na mtu. Ilionyeshwa Hispania na Antena 3 mwaka 2017, ikapoteza watazamaji, ikafungwa ikiwa imeisha kihalali. Netflix wakainunua, wakazigawa upya zile episodi 15 zikawa 22 fupi, dunia ikavaa barakoa za wahusika wake, na hadithi iliyokuwa imezikwa ikaongezewa sehemu hadi Desemba 2021.

Habari kama hizo ndizo huwafanya watu waamini kila bango la msimu mpya. Prison Break inaongoza kwa uongo. Tunasema steringi hafi, na Michael Scofield alikufa 2009 akarudi 2017 kwa episodi 9, kwa hiyo nani atakuzuia kuamini msimu wa sita? Lakini Wentworth Miller, aliyemwigiza, alisema mwenyewe Novemba 2020 kwamba hatairudia nafasi ile. Trela za kughushi zinajulikana: vipande vyote umeshaviona kwenye misimu ya nyuma au kwenye muvi nyingine za mwigizaji huyohuyo, midomo haionekani wakati sauti inaongea, hakuna tarehe bali mwaka tu, na mwenye kuipakia hana uhusiano na kituo. Ukitaka uhakika nenda kwenye ukurasa rasmi wa kituo au wa mwigizaji mkuu. Kama wote wamenyamaza, hakuna kitu.

Siyo kila nchi inakata kwa namna moja. Wakorea kawaida huandika hadithi ya episodi 16 ikaisha palepale, kwa hiyo kumuuliza dogo kama msimu wa pili umetoka mara nyingi ni kumchosha. Wao ikipendwa huinyoosha ikiwa hewani: Jumong, iliyowaweka watu wengi macho huku kwetu, ilipangiwa episodi 60 ikafika 81. Ukiitazama kwa makini utaona mahali ilipovutwa, mashauri ya ikulu yanarudiwa na safari hazifiki. Waturuki nao episodi yao moja inaweza kuzidi saa mbili, inarushwa mara moja kwa wiki, na isipofanya vizuri inaweza kuzimwa baada ya wiki chache tu. Ikiuzwa nje inakatwakatwa vipande vifupi: Diriliş: Ertuğrul yenye episodi 150 kwao, Netflix ilikuwa 448. Kwa hiyo ukikuta ya Kituruki ina episodi 20 tu fupifupi, hiyo kwao ilikuwa wiki saba au nane. Ilikatwa, usiianze bila kuuliza.

Wazee wa ITV wanaikumbuka Isidingo ya Afrika Kusini. Ilianza 1998, ikafungwa Machi 2020, SABC wakieleza kwamba watazamaji na mapato vimeshuka. Zaidi ya miaka ishirini, na sababu ni ileile ya sizoni ya wiki saba.

Tamthilia zetu ndizo ambapo sauti ya mtu wa Sakina pale Arusha au Pasua kule Moshi inafika. Za aina ya Huba na Jua Kali zinaishi kwa vifurushi vya ving'amuzi, anayelipa anahesabiwa. Zile za YouTube zinaishi kwa muda wa kutazamwa, na chaneli changa inahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 ndani ya miezi 12 kabla haijaanza kugawiwa hela za matangazo. Hapo kuna makosa matatu ya mashabiki wenye nia njema. La kwanza ni kupakua episodi na kuirusha kwenye makundi ya WhatsApp. Watu mia wanaona, chaneli inahesabu mmoja. La pili ni kurukaruka hadi mwisho kujua nani kamfumania nani, kwa sababu kinachopimwa siyo kufungua tu, ni dakika. La tatu ni kuitazama kwenye chaneli ya mwizi aliyeipakia upya, kisa imetokea juu. Angalia jina la mwenyewe kabla ya kubonyeza.

Dalili za tamthilia ya nyumbani kuishiwa hela zinaonekana kabla ya tangazo lolote. Mhusika mkubwa "anasafiri kwenda Mwanza" na harudi. Matukio yote yanahamia sebule moja yenye makochi yaleyale. Simu zinaongezeka, mtu anaongea peke yake dakika nne, kwa kuwa mwigizaji wa upande wa pili hayupo. Wimbo unapigwa hadi kiitikio cha pili huku mtu akitembea. Ukiona mawili kati ya hayo kwa wiki mbili mfululizo, huu ndio wakati wa kuwaita jirani waitazame kwenye chaneli yenyewe. Kilio cha baada ya mazishi hakina dakika za kuhesabiwa.

Na kama imeshakatwa na iko kwenye flashi yako? Usiianzie bila kujua pa kushukia. Tafuta kama kuna kipande cha kufungia kilichotolewa baadaye: Sense8 ilikatwa Juni 2017, lakini ina episodi ya zaidi ya saa mbili ya Juni 2018 ambayo folda nyingi hazina. Timeless nayo ina saa mbili za Desemba 2018. Firefly ina filamu ya 2005 iitwayo Serenity. Prison Break ina filamu yake ya 2009 inayoeleza kifo kile, na watu wameruka kutoka msimu wa nne kwenda wa tano bila kuiona. Kama hakuna kipande, uliza kama hadithi ilitoka kitabuni. The Expanse ilisimama msimu wa sita na vitabu viko tisa. Vyote vikikosekana, simama episodi moja kabla ya mwisho. Episodi ya mwisho ya msimu huandikwa kufungua shida mpya ili kituo kiagize mwingine. Ile iliyotangulia mara nyingi ndiyo iliyofunga shida ya zamani.

Watengenezaji wa Jericho walijifunza hilo wenyewe. Kwa zile episodi 7 za karanga walipiga miisho miwili, mmoja wa kuendelea na mmoja wa kufunga, wakaiweka yote kabatini. Habari ya kukatwa ilipofika Machi 2008, walitoa ule wa kufunga.